Mayai ya Kuvuruga Laini Mororo: Mwongozo Kamili wa Kupika Nyumbani

Mayai ya kuvuruga hupikwa karibu kila nyumba, na nyumba nyingi huyapika kwa namna moja: mafuta yachemke, mayai yamiminwe, uma uzungushwe haraka, na baada ya dakika moja sahani ina mabonge makavu yaliyozungukwa na maji. Lawama hupewa mayai. Siku ya pili mpishi huongeza maziwa akidhani ndiyo dawa, na maji yanazidi.

Ulaini wa mayai hautoki kwenye maziwa. Unatoka kwenye moto mdogo, mkono usiosimama, na kuepua mapema, wakati jicho bado linasema hayajaiva. Siagi, krimu na vingine vyote ni nyongeza juu ya hayo matatu. Mpishi mwenye mayai, chumvi na kijiko cha mafuta tu anaweza kupata sahani laini mororo, na mwenye friji iliyojaa krimu anaweza kuyaharibu kwa nusu dakika.

Vipimo vilivyomo humu ni vya mayai manne, yanayotosha watu wawili.

Kinachotokea yai likipata moto

Yai la kisasa la ukubwa wa kawaida likishatolewa ganda lina takriban gramu 50: ute gramu 33 hivi, kiini gramu 17. Ute ni maji kwa karibu asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Kiini ni maji kwa nusu yake, theluthi hivi ni mafuta, na kilichobaki zaidi ni protini. Kwa hiyo unapopika yai, kazi yako kubwa ni kuyafanya maji yashikwe na protini na yasitoroke.

Protini zikiwa mbichi zimejikunja, kila moja kivyake. Joto linazikunjua, zinaanza kushikana, na kati yake maji yananaswa. Zikishikana kwa ulegevu unapata mayai laini, yenye unyevu ndani kwa ndani. Joto likiendelea zinakazana, na zikikazana zinayakamua yale maji nje. Ndiyo maana yai lililopitiliza huwa kavu mdomoni na bado linaacha dimbwi sahanini.

Ute huanza kuwa mzito kwenye nyuzi 62 au 63 za Selsiasi, kiini kati ya 65 na 70, na vikichanganywa pamoja huganda vizuri kwenye nyuzi 73 hivi. Kutoka hapo hadi kwenye ukavu ni nyuzi chache tu. Kikaango kilichokaa juu ya moto mkali huvuka nyuzi 150 bila shida, hivyo yai linalogusa chini yake linapita ile hatua ya ulaini kabla hujageuza mwiko. Moto mdogo haupiki ladha tofauti, unakupa muda wa kuiona hatua hiyo na kuiwahi.

Kuchagua mayai

Upya wa yai una maana kuliko rangi ya ganda lake. Yai likikaa, ute mzito hugeuka mwepesi na unyevu hupotea kupitia ganda, huku nafasi ya hewa kwenye upande wake mnene ikipanuka. Njia ya kuliangalia bila kulivunja: ingia mahali penye giza, washa tochi ya simu, weka upande mnene wa yai juu ya mwanga. Utaona mpaka unaotenganisha sehemu angavu ya hewa na sehemu nyeusi kidogo ya yai lenyewe. Hewa ikiwa ndogo, upana wa kucha hivi, yai ni jipya. Ikiwa imechukua robo ya yai, limekaa sana. Kipimo cha maji nacho kinafaa: yai jipya hulala chini ya bakuli, la zamani kidogo husimama wima, linaloelea liache.

Yenye nyufa usinunue hata kwa punguzo, maana ganda likishapasuka vijidudu vina njia. Mayai yenye uchafu yaoshwe wakati wa kuyavunja tu, siyo wakati wa kuyahifadhi, kwa sababu kuosha huondoa utando wa asili unaoziba matundu ya ganda.

Mayai ya kienyeji ni madogo, mengi hayafiki gramu 45 pamoja na ganda, na sehemu ya kiini kwa ute ni kubwa zaidi. Hilo ni faida kwetu: kiini ndicho chenye mafuta, na mafuta huwa kati ya protini na kuzizuia zisikazane upesi. Tumia matano badala ya manne. Ukiwa na mayai ya kisasa na unataka uzito ule, tumia mayai matatu mazima na viini viwili vya ziada.

Viungo

- Mayai 4, yaliyokaa nje ya friji kwa nusu saa hivi
- Chumvi laini robo kijiko cha chai (gramu 1.5)
- Siagi ya maziwa gramu 30, igawe mara mbili: nusu ya kikaangoni, nusu ikatwe vipande vidogo na kubaki baridi
- Krimu nzito kijiko 1 cha mezani (hiari)
- Pilipili manga ya kusaga

Siagi iwe siagi halisi inayotokana na maziwa. Majarini ya kupaka mkate, ile ya kopo au ya ndoo ndogo, mara nyingi ina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo yanaingia kwenye mayai yako. Kama hiyo ndiyo iliyopo, tumia mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha mezani na uachane nayo. Samli ni nzuri sana, harufu yake inaenda na yai, ila karibu yote ni mafuta matupu huku siagi ikiwa na maji ya asilimia 16 hivi. Weka gramu 20 badala ya 30.

Krimu isipopatikana, malai yanayotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yanafanya kazi hiyo hiyo, bora uyavuruge kwanza yasiwe na vipande. Tui zito la mkamuo wa kwanza linafaa pia, kijiko kimoja kwa mayai manne. Ladha ya nazi itasikika, na kwa anayekula mayai na mkate wa kumimina hilo si tatizo hata kidogo.

Maziwa? Kijiko kimoja cha mezani kwa mayai manne hakitaharibu. Zaidi ya hapo yanazimua protini, mayai yanachelewa kuganda, na ukiongeza moto ili yagande maji yanaachia. Robo kikombe cha maziwa, ambacho watu wengi huweka kwa ukarimu, ni sababu mojawapo kubwa ya sahani kuwa na dimbwi.

Vyombo

Kikaango cha sentimita 20 kinatosha mayai manne. Kikiwa kipana sana mayai yanatanda membamba na kuganda kabla hujayafikia yote. Kisichoshika ndicho rahisi kuliko vyote. Kikaango cha chuma kizito huhifadhi joto hata baada ya kuepuliwa, kwa hiyo mayai huendelea kuiva ndani yake. Pia huweza kuyapaka rangi ya kijivu kisipotunzwa vizuri. Sufuria nyepesi ya alumini inawezekana, lakini chini yake hupata joto mahali pamoja pamoja: punguza moto zaidi na usiache kukwangua.

Mwiko uwe na ncha bapa. Wa silikoni unaopinda ni bora kwa sababu unapita kwenye kona kati ya kitako na ukuta wa kikaango, na hapo ndipo mayai hugandia wakati umeshughulika na katikati. Mwiko wa mti wenye ukingo ulionyooka ni wa pili. Uma hauwezi kazi hii: unapitisha mayai kati ya meno yake na kuacha tabaka chini.

Kupika, hatua kwa hatua

1. Vunja. Vunja kila yai kwenye kikombe kidogo kwanza, ndipo ulimimine kwenye bakuli. Yai moja viza likiingia bakulini limechukua na wenzake. Kipande cha ganda kikianguka, kichote kwa nusu ya ganda lenyewe. Ukingo wake unakata ute vizuri kuliko kidole.

2. Tia chumvi mapema. Hapa watu hubishana sana, wengi wakisema chumvi ikitangulia inakausha mayai. Ni kinyume. Chumvi inayotangulia dakika 10 hadi 15 hupenya na kuzifanya protini zisishikane kwa nguvu, kwa hiyo maji machache hutoka wakati wa kupika. Utaona mchanganyiko umebadilika rangi, umekuwa wa chungwa iliyokolea na kupenyesha mwanga kidogo. Usiwe na wasiwasi, ndivyo inavyotakiwa. Usipokuwa na muda, tia chumvi wakati wa kupiga. Bado ni afadhali kuliko kuitia mezani.

3. Piga. Tumia uma au mchapo wa waya, sekunde 30 hadi 45. Unatafuta rangi moja: ukiinua uma, usione uzi wa ute unaoning'inia. Michirizi ya ute huganda kwa wakati wake na kuwa vipande vyeupe vigumu. Lakini usipige mpaka povu lijae, kwa kuwa povu hukauka haraka na kuacha mayai yenye matundu. Anayetaka ulaini wa hali ya juu ayapitishe kwenye chujio la chai, vile vikamba vyeupe vinavyoshikilia kiini vibaki juu. Sasa tia vile vipande vya siagi baridi, usivikoroge viyeyuke. Vitayeyuka taratibu kikaangoni, vikipoza mayai na kuyapaka mafuta kwa wakati mmoja.

4. Pasha kikaango. Injika kikaango kwenye moto mdogo kwa dakika moja, weka siagi ile nusu nyingine. Iyeyuke na kutoa povu dogo la upole. Ikilia kwa kelele au kuwa kahawia moto ni mkubwa. Epua, subiri nusu dakika, punguza. Jaribu kwa tone moja la yai: likiganda taratibu bila sauti, uko sawa. Likivimba na kulia mara tu linapogusa, bado kuna moto wa kupunguza.

5. Mimina, subiri, anza kuvuruga. Mimina mayai yote, hesabu mpaka kumi na tano, kisha anza. Mwendo ni huu: zungusha mwiko ukingoni mwa kikaango mara moja, halafu pita katikati kwa mistari, kwenda na kurudi, kama mara mbili kwa sekunde, ukihakikisha kila sehemu ya kitako imepitiwa. Dakika ya kwanza na nusu utahisi hakuna kinachotokea. Mayai ni majimaji tu, na mkono unashawishika kuongeza gesi. Usiongeze. Karibu na dakika ya pili mwiko utaanza kuhisi uzito, na vipande vidogo laini vitatokea nyuma yake.

6. Ondoa na urudishe. Kuanzia hapo mambo yanakwenda upesi. Ukiona mabonge yanajitokeza kwa kasi kuliko unavyoweza kuyavunja, inua kikaango kutoka motoni, endelea kuvuruga hewani kwa sekunde kumi, rudisha. Fanya hivyo mara tatu au nne kama itahitajika. Usione haya kuinua kikaango mara nyingi. Kupunguza gesi kunachukua muda kufika kwenye mayai, kuinua kunafika palepale.

7. Epua mapema. Pitisha mwiko katikati ya kikaango. Mayai yakijaza njia hiyo mara moja, bado. Njia ikibaki wazi kwa sekunde mbili hivi kisha mayai yakajirudia taratibu, mazito kama uji, epua sasa hivi. Sehemu ya juu itakuwa bado inang'aa na yataonekana yamebakiza kidogo. Joto lililomo kikaangoni litamaliza kazi. Tia krimu, vuruga kwa sekunde 20 hadi 30 nje ya moto. Krimu baridi hapa ina kazi mbili: inaongeza mafuta, na inapoza mayai ili yasiendelee kuiva. Usipokuwa na krimu, bakisha kipande cha siagi baridi ukitie wakati huu.

8. Pakua palepale. Sahani iwe vuguvugu. Sahani ya moto itaendelea kuyapika, ya baridi itayagandisha siagi yake. Pilipili manga ije mwisho, maana ikitangulia inayachafua rangi.

Kutoka kumimina hadi kuepua ni dakika nne hadi sita. Yakiiva chini ya dakika mbili moto ulikuwa mkubwa. Yakifika dakika kumi bila dalili, ongeza moto kidogo tu.

Kwa jiko la mkaa

Mkaa hauna kitasa cha kupunguza, na hapa ndipo wapishi wengi hukata tamaa na mayai laini. Njia ya uhakika ni kutopika moja kwa moja juu ya moto. Weka maji ya kina cha sentimita tatu kwenye sufuria, yachemke kwa upole, kisha weka juu yake bakuli la chuma cha pua au sufuria ndogo ambayo kitako chake hakigusi maji. Siagi na mayai viingie humo. Maji hayawezi kuvuka nyuzi 100, na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka kwenye 94 au 95, kwa hiyo mvuke wake hauwezi kuyaunguza mayai. Ni njia ya kale ya jikoni za Ufaransa, na inampa mwenye mkaa matokeo yale yale ya mwenye gesi, pengine mazuri zaidi. Inachukua dakika 12 hadi 18 za kuvuruga, na mayai yanatoka na chembe ndogo kabisa, karibu yamiminike.

Ukitaka kupika moja kwa moja, subiri makaa yavae jivu jeupe, ondoa nusu yake, tandaza yaliyobaki na ufunge mlango wa jiko. Kikaango kizito kitakusaidia hapa. Kuinua na kurudisha kutakuwa kwingi, kwa hiyo kishikio kiwe madhubuti na kitambaa kiwe karibu.

Wanga kwa anayepika haraka

Kuna namna ya kupata mayai laini kwa moto wa wastani, ndani ya dakika mbili: kijiko kimoja na nusu cha chai cha wanga mweupe wa mahindi, ule laini wa kuungia supu, siyo unga wa ugali. Ukoroge na kijiko kimoja na nusu cha mezani cha maji mpaka usiwe na vidonge, kisha uchanganye na mayai manne yaliyopigwa. Wanga ukipata joto huvimba na kukaa kati ya protini, nazo haziwezi kukazana na kukamua maji. Wapishi wa Guangdong, kusini mwa Uchina, wametumia wanga kwenye mayai yao ya kuteleza muda mrefu, na wanga wa viazi au wa muhogo unafaa vilevile.

Koroga upya kabla ya kumimina kwa sababu wanga huzama chini. Na moto usiwe mdogo mno: wanga usioiva huacha ladha ya unga ulimini. Mayai haya hayana wepesi wa yale ya moto mdogo, yana uzito wa mchuzi, lakini yanavumilia kukaa, na kwa hilo yanafaa shughuli ya watu wengi.

Nyanya, vitunguu na vingine

Afrika Mashariki mayai ya kuvuruga bila nyanya na kitunguu huonekana pungufu, na hakuna sababu ya kuviacha. Kosa ni kuvipika pamoja na mayai. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na maji hayo yakitoka wakati mayai yanaganda, ulaini hauna pa kukaa.

Kata nyanya moja kubwa, toa mbegu na maji yake kwa kidole, ukate nyama yake vipande vidogo. Kaanga nusu kitunguu kwa kijiko cha mafuta dakika tano kilainike, tia nyanya, pika dakika sita hadi nane mpaka mafuta yaanze kujitenga na rojo. Hoho ikiwepo iingie pamoja na kitunguu. Toa weka kando. Pika mayai yako peke yake kama ilivyoelezwa, na ule mchanganyiko uingie unapoepua, badala ya krimu. Binzari ya manjano, ukiitaka, ikaangwe sekunde chache kwenye mafuta ya kitunguu, isitupwe mbichi juu ya mayai.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa mchicha (chemsha kidogo, kamua kwa mkono mpaka usidondoke) na uyoga (kaanga mpaka maji yake yakauke na uanze kulia). Jibini gramu 30 ikunwe na itiwe nje ya moto. Dhania ya kukatwa mwisho kabisa. Ndimu ibaki mezani.

Yakiharibika

Maji sahanini yana sababu tatu, na ya kwanza ni moto kupitiliza, ya pili maziwa mengi, ya tatu mboga. Hayarekebishiki, mwaga maji na utumie mayai hayo ndani ya chapati.

Mabonge makubwa wakati mengine bado ni majimaji: ulisimamisha mkono, au kikaango kilikuwa cha moto kabla ya kumimina. Ukiona yanaanza, epua, tia kipande cha siagi baridi au yai bichi moja lililopigwa, vuruga kwa nguvu nje ya moto, kisha rudisha kwenye moto mdogo kabisa. Yai bichi huokoa sana, kwa kuwa linapoza na kulainisha pamoja, lakini lazima nalo liive.

Rangi ya kijani au kijivu hutokea mayai yakikaa kwenye joto muda mrefu: madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini hukutana na salfa ya ute. Hayana madhara, ila ladha na sura vimekwenda. Yakishika chini, siagi ilikuwa kidogo au kikaango kimekwaruzwa. Usiyakwangue yale yaliyogandia ukayachanganya na mengine, yaache huko.

Usalama

Mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa salmonella, na mamlaka za chakula za Marekani zinataka vyakula vya mayai vifike nyuzi 71. Habari njema ni kwamba 71 haigombani na ulaini: mchanganyiko unaganda karibu na hapo, na mayai yaliyoepuliwa kwenye 71 au 72 bado ni mororo. Kipimajoto cha jikoni kinakutoa kwenye kubahatisha. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wapikiwe mpaka pasibaki majimaji yanayoonekana, na kwao ile njia ya wanga inafaa kwa sababu mayai huvumilia joto hilo bila kukauka. Uingereza, tangu 2017, imeruhusu hata wajawazito kula mayai yasiyoiva sana, lakini ni yale yenye muhuri wa simba, alama ya ubora ya huko, ya kuku waliochanjwa. Ruhusa hiyo usiihamishie kwenye trei la dukani kwako.

Watu wengi, na yaliyobaki

Mayai kumi na mbili hayaivi vizuri kwenye kikaango cha mayai manne. Pika kwa mafungu, au tumia sufuria pana juu ya maji ya moto na utenge dakika 25 au zaidi. Yakisubiri wageni, yakae kwenye bakuli juu ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, yamefunikwa, kwa robo saa, yakivurugwa mara moja moja. Chapati, mihogo ya kuchemsha au mkate uliobanikwa viwe tayari kabla mayai hayajaingia kikaangoni, kwa sababu mayai hayamngoji mtu.

Yaliyobaki yaingie friji ndani ya saa mbili, na kwenye joto linalozidi nyuzi 32, kama Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, ndani ya saa moja. Yakipashwa hayatakuwa laini tena. Yaweke ndani ya sambusa au mkate, yapate moto mpaka katikati, na usitarajie zaidi.

Kikaango kilowekwe kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto hugandisha mabaki ya yai na kuyanatisha zaidi. Ya baridi huyalegeza, na baada ya dakika kumi sifongo na sabuni vinamaliza.